Maji Yanapotea Wapi? Somo la Kutafuta Mvujo Katika Motokaa

1. Mpagazi wa joto

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, mjini Dar es Salaam, husikia kelele za namna nyingi: wachuuzi wakinadi nguo, makuli wakiomba njia kwa mikokoteni yao, na honi za magari yasiyohesabika. Jina la mahali pale lina asili yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, walifanya pale kambi ya wapagazi wa jeshi, na kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina lile kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua mizigo vichwani mahali ambapo gari halikuweza kupita.

Leo magari yamejaa katika mitaa ile, na ndani ya motokaa nyingi yumo mpagazi ambaye watu hawamfikiri. Mpagazi huyo ni maji. Mzigo wake ni joto. Kazi yake ni kulitoa joto ndani ya injini na kulipeleka nje kwenye upepo, kisha kurudi kuchukua jingine, bila kupumzika. Mpagazi huyu akitoroka, safari imekwisha.

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto la moto wake hupita digrii 2,000. Alumini, ambayo hutumika kuundia sehemu kubwa za injini nyingi, huyeyuka kwa digrii 660. Basi mbona injini haiyeyuki? Ni kwa sababu moto ule hudumu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na pia kwa sababu maji huzizunguka silinda na kuchukua joto kabla halijaleta madhara. Katika nguvu zote zilizomo katika petroli, kiasi cha theluthi tu hugeuka kuwa mwendo. Nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa hupokewa na maji.

Njia ya maji ni hii. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda. Yakiisha kupata joto hupita katika mpira wa juu na kuingia katika rejeta. Rejeta ni mirija myembamba iliyopangwa pamoja, na kati ya mirija hiyo vimo vipande vyembamba vya bati ili upepo uguse mahali pengi. Feni huvuta upepo, maji hupoa, kisha hurudi katika injini kwa mpira wa chini. Katika njia hiyo uko mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa, ili injini ipate joto upesi. Maji yakifika kiasi cha digrii 82 au 88, mlango hufunguka, na maji huenda kwenye rejeta.

Motokaa za kwanza hazikuwa na rejeta kama hii. Ile iliyoundwa na Karl Benz huko Ujerumani mwaka 1885 iliyaacha maji yake yachemke na kutoka kama mvuke. Mkewe, Bertha Benz, alipoiendesha mwaka 1888 kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, ilimpasa kusimama mara nyingi njiani ili kuongeza maji. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alitengeneza rejeta ya mirija mingi midogo iliyofanana na sega la nyuki, na tangu hapo motokaa zikaweza kwenda mbali kwa maji yale yale. Mwaka 1907 ofisa Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, mwaka 1909. Yeye ndiye mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa motokaa.

2. Kifuniko ambacho hakifunguliwi kwa haraka

Pale Dar es Salaam, kando ya bahari, maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka kwa digrii 100. Katika mji wa Iringa, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, huchemka kwa digrii 95 hivi, kwa kuwa huko hewa ni nyepesi na haiyakandamizi maji sana. Kutokana na jambo hilo watu walijifunza hekima moja: maji yakikandamizwa zaidi, huchelewa kuchemka.

Kwa hiyo kifuniko cha rejeta hakikuwekwa ili kuzuia vumbi tu. Ndani yake mna springi na mpira unaobana. Juu ya vifuniko vya motokaa nyingi zitokazo Japani imeandikwa 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni kipimo cha mkandamizo ambao kifuniko huuzuia usitoke. Kwa kifuniko cha 0.9, maji matupu hayachemki mpaka yakaribie digrii 118.

Hapo ndipo ilipo hatari. Injini iliyopata moto sana huwa na maji yaliyopita digrii 100 ambayo bado hayajachemka, kwa kuwa yamefungiwa. Mtu akikifungua kifuniko, mkandamizo hutoweka mara moja, na maji hugeuka mvuke kwa ghafula na kuruka juu kama chemchemi ya moto. Watu wengi wameungua uso, kifua na mikono kwa njia hii, wala kitambaa hakikuwaokoa. Sheria ni moja: kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, nao mpira wa juu unagusika kwa mkono bila kuumiza.

3. Dereva na fundi

Tuseme yuko dereva wa teksi afanyaye kazi Kariakoo. Gari si lake. Kila jioni hana budi kupeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, na kile kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani na ada ya shule ya watoto. Gari likilala, nyumba nayo hulala njaa.

Siku moja dereva huyo akaona ya kuwa maji katika chupa ya akiba yameshuka chini ya alama ya LOW. Akaongeza maji ya kisima, akaenda zake. Kesho yake yameshuka tena. Akaongeza tena. Jambo hili likawa desturi ya kila asubuhi kama kunawa uso. Hata siku ya sita, mchana wa jua kali, magari yakiwa yamesongamana katika Mtaa wa Msimbazi, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye alama nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya boneti.

Dereva alifanya jema moja: aliliweka gari kando na kuizima injini pale pale. Angaliendelea hata mwendo mfupi, injini ingaliweza kuharibika. Joto likizidi, silinda hedi hupinda, na gasketi iliyo chini yake huungua. Gharama ya hapo ni kubwa mno kuliko bei ya mpira au pampu.

Wenziwe wakamzunguka, kila mtu na shauri lake. Mmoja akasema anunue rejeta nyingine. Wa pili akasema themostati itolewe na kutupwa. Wa tatu akasema atie pilipili manga iliyosagwa, itaziba tundu yenyewe. Injini ilipopoa, dereva akalivuta gari mpaka kwa fundi mmoja mzee huko Gerezani, jirani na Kariakoo, ambako mafundi wa vyuma na magari wamefanya kazi kwa miaka mingi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?”

“Linakunywa maji, Mzee. Wenzangu wameniambia ninunue rejeta.”

“Maji hayo yanapotea wapi?”

“Kwa kweli sijui, Mzee.”

“Basi bado hujajua cha kununua. Kaa kivulini. Kwanza tutatafuta, kisha tutatengeneza.”

4. Njia tatu za kupotea

Fundi alikuwa na kijana anayejifunza kazi. Akamwita, akamwambia, “Maji ya injini hayana njia za kupotea ila tatu. Ama yanatoka nje, ama yanaingia katika silinda na kuungua pamoja na petroli, ama yanaingia katika oili. Mtu akizijua njia hizo tatu, hawezi kupotea yeye mwenyewe.”

Wakaanza na zile mbili zilizofichika, kwa kuwa ndizo mbaya zaidi. Kijana akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, kisha akafungua kifuniko cha oili na kutazama chini yake. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi, ikawa kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, safi, wala haikuwa na povu. Kisha wakaitia rejeta maji ikiwa baridi, wakaiwasha injini kwa muda mfupi kifuniko kikiwa wazi. Kama gasketi ya silinda hedi imeungua, mara nyingi mapovu huja juu bila kukoma, na moshi mweupe wenye harufu tamu hutoka nyuma ya gari. Mapovu hayakuonekana, wala moshi ule haukutoka.

“Mwenyezi Mungu amekuhurumia,” fundi akamwambia dereva. “Silinda hedi haijaguswa. Maji yanatoka nje.”

5. Kufuata nyayo za maji

Walipolisimamisha gari, fundi alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Sasa palikuwa na matone juu yake. Lakini si kila tone ni la rejeta. Maji ya mtambo wa ubaridi hudondoka chini ya gari siku za joto, nayo ni meupe kabisa, hayana harufu wala utelezi. Hayo si ugonjwa. Oili ya injini ni nyeusi au ya kahawia. Oili ya giaboksi mara nyingi ni nyekundu. Maji ya rejeta yenye dawa iitwayo kulanti huwa na rangi, kama kijani, nyekundu au buluu, nayo huteleza kidogo katikati ya vidole. Hayaonjwi kamwe. Kulanti nyingi zina ladha tamu, lakini ni sumu inayoharibu figo, na mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa huweza kufa.

Matone yalikuwa na kijani hafifu, nayo yalianguka chini ya rejeta hasa. Dereva akasema, “Mzee, si hiyo rejeta?”

Fundi akamjibu, “Mvua ikivuja nyumbani kwako, tone huanguka kitandani. Je, tundu liko kitandani? Tone laonyesha mahali maji yalipofikia, halionyeshi yalikotoka.”

Hili ndilo neno kuu la somo lote. Maji hufuata chuma, hushuka kwa mteremko, na upepo wa feni huyatawanya. Kwa hiyo mwenye kutafuta hana budi kupanda kutoka kwenye tone, kidogo kidogo, mpaka afike mahali pa juu kabisa palipo na unyevu. Hapo juu ndipo mlango wa mvujo.

Fundi akaleta pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia, akaifunga mahali pa kifuniko cha rejeta. Akasukuma hewa mpaka mshale ukafika 0.9, sawa na namba ya kifuniko, wala hakuipita, maana mkandamizo uliozidi huweza kupasua kitu kizima. Kwa njia hii maji husukumwa kama wakati wa safari, lakini injini ikiwa baridi, na mtu aweza kuingiza mkono na kutazama bila kuungua. Wakangoja. Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa umeshuka hata 0.7.

Kijana akachukua tochi na kioo kidogo, akapita kila mahali kwa zamu. Akaipapasa mipira, akaibonyeza: haikupasuka wala haikuwa migumu kama mti mkavu. Akavitazama vibano vya chuma vinavyoishika mipira, visije vikawa vimelegea. Akautazama mshono wa rejeta mahali plastiki inapokutana na alumini, maana hapo hupasuka mara nyingi. Pote palikuwa pakavu. Akagusa zulia la mbele ndani ya gari, kwa kuwa rejeta ndogo ya hita ikivuja, maji huingia miguuni pa abiria. Zulia lilikuwa kavu. Mwisho akapeleka kioo chini ya pampu ya maji.

“Mzee, hapa pana ukoko wa kijani na mweupe, na tone linachungulia.”

Chini ya pampu nyingi kuna tundu dogo. Mtu asiyejua hudhani ni kasoro na hutaka kuliziba. Kumbe limetobolewa makusudi na waundaji. Ndani ya pampu mna mpira uitwao sili, unaozuia maji yasifikie beringi. Sili ikichakaa, maji hutoka kwa tundu lile, ili mwenye gari apate habari kabla pampu haijakatika. Maji ya gari hili yalitoka hapo, yakashuka kwa uso wa injini, yakafuata boriti ya chuma iliyo chini, yakaenda mbele kwa kuwa gari lilielekea mteremko, yakadondoka chini ya rejeta nzima isiyo na hatia.

6. Matengenezo

Dereva akatumwa dukani Kariakoo kununua pampu, naye akaenda na ile ya zamani mkononi. Hii ni busara, maana pampu mbili huweza kufanana kwa mbali huku matundu ya bolti yakipishana. Akalinganisha matundu, urefu wa mhimili na ukubwa wa kapi. Akanunua mpya pamoja na gasketi yake, wala hakuchukua iliyokwisha kutumika, kwa kuwa sili iliyochakaa haionekani kwa macho.

Huku nyuma kijana alisugua uso wa chuma mpaka kila kipande cha gasketi ya zamani kikatoka. Pampu mpya ilipowekwa, alikaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, ili gasketi ikandamizwe sawasawa pande zote. Kisha maji ya zamani yakamwagwa katika beseni, wala si katika mfereji. Mifereji ya mji huenda mtoni, na Mto Msimbazi huingia baharini, na sumu iliyomwagwa mtaani haiishi mtaani.

Ndani ya maji yale mlikuwa na kutu na chenga nyeupe. Fundi akamwuliza dereva alikuwa akitia maji gani. “Ya kisima,” akajibu. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Chumvi hula alumini, na magamba yake huziba mirija ya rejeta kama yazibavyo birika la chai. Fundi akaisafisha njia yote, akatia kulanti na maji yaliyoondolewa chumvi, nusu kwa nusu. Katika nchi za theluji kulanti huzuia maji yasigande. Pwani hapana theluji, lakini dawa ile huyachelewesha maji kuchemka na huzuia kutu.

Kuhusu shauri la kutoa themostati, fundi alisema kwamba injini isiyo na mlango ule huchelewa kupata joto lake, ikala petroli nyingi na kuchakaa upesi, na mvujo ukabaki palepale. Na kuhusu pilipili manga, alisema kwamba unga hauchagui tundu: huziba lililo baya, na huziba pia mirija iliyo mizuri.

Kisha wakaiwasha injini ili hewa itoke katika njia za maji. Mpira wa chini ulipopata joto, wakajua themostati imefunguka. Injini ilipopoa, wakaongeza maji yaliyopungua, wakapima tena kwa ile pampu ya mkono. Mshale ulisimama kwenye 0.9 kwa robo saa, haukutikisika. Fundi akaweka alama ya wino kwenye chupa ya akiba, akamwagiza dereva aitazame kila alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa siku saba.

Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Lakini ufa hauzibwi kabla haujaonekana. Dereva aliyeongeza maji kila siku alikuwa akificha ugonjwa, na wale waliomwambia anunue rejeta walikuwa wakitibu bila kujua maradhi. Anayetafuta kwa utaratibu hutumia saa moja, akaokoa mshahara wa mwezi.

Maswali

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi? Kwa nini maji ya injini yameitwa mpagazi?
2. Eleza njia ya maji tangu kwenye pampu mpaka kurudi katika injini.
3. Kwa nini ni hatari kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto?
4. Taja njia tatu ambazo maji ya injini huweza kupotea, na dalili ya kila moja.
5. Tone lilianguka chini ya rejeta, na rejeta haikuwa na kosa. Eleza sababu.
6. Kwa nini waundaji hutoboa tundu chini ya pampu ya maji?
7. Maji ya kisima chenye chumvi huleta madhara gani katika injini?
8. Andika habari fupi ya jambo jingine, nyumbani au shambani, ambalo yafaa kutafutwa asili yake kabla ya kulitengeneza.